Usiguse Spesi

Nilifuta sauti ya Fundi saa tano usiku, kwa mikono yangu mwenyewe, baada ya kuonywa mara mbili.

Onyo la kwanza lilikuwa kwenye maelekezo niliyoyasoma kwenye simu, mstari wa tatu, kwa herufi nzito. La pili lilitokea kwenye kioo cha kompyuta yenyewe: ukibonyeza Enter, mashine itajizima na kujiwasha, na kila kilichohifadhiwa ndani yake kitafutika. Nilisoma. Nikasema moyoni, hakuna kitu humo, vyote viko kwenye wingu. Nikabonyeza.

Kompyuta ikatoa mlio, ikawaka, ikaniambia inajiandaa na kwamba kazi hiyo itachukua muda. Nikaenda kuchemsha chai. Nilikuwa nakoroga sukari nilipoikumbuka folda ya vipakuliwa.

Mashine za aina ya Chromebook zimeundwa ili mtu aweke mambo yake kwenye mtandao. Barua, picha na nyaraka zote zinakaa huko, na kompyuta inabaki kuwa dirisha tu. Lakini folda moja haipandi juu yenyewe. Vipakuliwa hubaki ndani ya mashine mpaka mwenyewe uvihamishe. Wiki mbili kabla ya usiku ule nilikuwa ufukweni Bagamoyo na simu ilikuwa imejaa. Fundi alikuwa amekaa juu ya gogo akinisubiri. Nikachomeka waya, nikahamishia rekodi zote kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi ya kuendelea. Saa moja na dakika arobaini za mazungumzo. Nilikusudia kuzipandisha usiku, kwa bando la usiku, ambalo ni rahisi. Usiku huo nililala. Na uliofuata.

Niliacha chai, nikarudi chumbani. Namba kwenye kioo zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma. Nilishika kitufe cha kuzima, kisha nikakiachia, kwa sababu niliogopa kwamba kuikatiza kungeharibu na mashine pia. Nikakaa kitandani nikaitazama hadi ilipomaliza.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu msamiati wa uundaji wa vyombo vya baharini: mkuku, mataruma, foromali, kalafati, maneno ambayo kamusi zinayo lakini mara nyingi kwa mstari mmoja mkavu, kama vile aliyeyaandika aliviona vyombo kwa mbali. Fundi ni mmoja wa wazee wanne nilionao. Wengine watatu wananipa majina. Yeye alinipa majina, na kwa dakika kama kumi hivi alinipa pia habari ya baba yake, siku alipomkabidhi tezo kwa mara ya kwanza. Katikati ya habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaendelea kwa sauti nyingine. Katika daftari langu niliandika: *baba – tezo – sauti inabadilika, sikiliza tena*. Ndiyo yote niliyoyaandika, kwa kuwa rekodi ilikuwepo.

Kompyuta yenyewe niliinunua Kariakoo, mtumba, kwa shilingi laki moja na themanini. Ni ndogo, kioo cha inchi 10, na haina feni. Nilipoiona sikujua kwamba prosesa yake ni ya ukoo wa simu. Muuzaji aliniambia inakaa na chaji, na hakudanganya. Nilikuwa nahudhuria vipindi tangu asubuhi hadi jioni bila kutafuta soketi, wakati wenzangu wenye mashine kubwa waligombea viti vya ukutani.

Ukoo huo unaitwa ARM. Ulianzia Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, ambako Sophie Wilson na Steve Furber walibuni prosesa iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Haikuhitaji umeme mwingi, na ndiyo sababu miaka mingi baadaye ikaingia karibu katika kila simu ya mkononi. Yangu ni chipu ya Rockchip, kampuni ya Fuzhou nchini China, na ina viini sita ndani. Viwili vina nguvu, vinne ni vya kazi ndogondogo. Ukiandika tu, vile vinne vinatosha. Ukifungua kitu kizito, wale wakubwa wawili wanaamshwa. Nyumbani kwetu mambo yalikwenda hivyohivyo, ila wakubwa walikuwa wagumu zaidi kuamka.

Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya masasisho, iliyopangwa tangu inatoka. Ya kwangu ilifika. Mashine haikufa, ikawa tu inazeeka kila wiki. Kivinjari kilianza kukataliwa na baadhi ya kurasa. Kisha ukurasa nilioutegemea kusoma makala ukafunguka mweupe, hauna kitu. Betri ilikuwa nzima, kioo kizima, vitufe vyote vizima, na mimi nilikuwa na sura mbili za kuandika na sina laki tano za kununua nyingine. Mwanafunzi mwenzangu wa sayansi ya kompyuta aliniambia, kwa wepesi wa watu wa fani hiyo, "Dada, weka Linux." Alikuwa anasema kama mtu anayekwambia weka chumvi.

Kwa kompyuta nyingi ni kweli kwamba ni chumvi tu. Unanakili mfumo kwenye flashi, unachomeka, unajibu maswali, unamaliza. Kwa mashine yangu haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha macho siku tatu.

Katika kompyuta za kawaida za mezani, vifaa vingi vya ndani vinaweza kujitaja. Mfumo unapoamka unaita mahudhurio kama mwalimu wa darasa, na kila kifaa kinaitika: mimi ni kadi ya sauti, mimi ni diski. Katika chipu za ukoo wa simu, sehemu kubwa ya vifaa vimekaa kimya. Havijui kuitika. Mfumo hauwezi kukisia kwamba kwenye anwani fulani kuna spika, wala kwamba waya fulani ndio unaosema kifuniko kimefungwa. Lazima mtu auandikie orodha mapema: nani amekaa wapi, anakula umeme kiasi gani, nani aamshwe kabla ya nani. Orodha hiyo huandikwa kwa matawi, tawi ndani ya tawi, na kwa Kiingereza wanaiita mti. Kabla yake kila aina ya ubao ilikuwa na msimbo wake ndani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo, na fujo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, aliilalamikia hadharani. Baada ya hapo orodha za matawi ndizo zikawa utaratibu wa ARM.

Kwa hiyo swali halikuwa kama Linux inaweza kuendesha mashine yangu. Swali lilikuwa kama kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa akaiandikia mashine hii orodha yake.

Alikuwepo. Faili ipo ndani ya kerneli, imepewa jina la ubao wa mashine, na ubao huo unaitwa Bob. Familia nzima inaitwa Gru, na mwingine ni Kevin, majina ya wahusika wa filamu za katuni. Nimeandika sura nzima kuhusu jinsi vyombo vinavyopewa majina, na mashine niliyoiandikia ilikuwa na jina wakati wote huo. Sikuwahi kuuliza.

Nilichagua Debian, iliyokwishaandaliwa na mtu wa kujitolea kwa ajili ya mashine za familia hiyo. Niliinakili kwenye kadi ya kumbukumbu kwa kompyuta ya rafiki, nikaipachika ubavuni mwa Bob. Unapowasha inakuja ile skrini ya onyo, inayosema kwamba ukaguzi wa mfumo umezimwa. Hapo unabonyeza Control na U, na mashine inaacha mfumo wake wa zamani inasoma kadi. Mara ya kwanza ilipiga mlio tu ikakataa, kwa kuwa nilikuwa sijaipa ruhusa ya kusoma kitu kisicho chake. Ruhusa ni mstari mmoja wa amri. Niliutafuta kwa saa mbili.

Kisha maandishi meupe yakaanza kuporomoka kwenye kioo cheusi, mistari mia kadhaa, na mimi nikiwa nimeshika mdomo. Mwisho likaja boksi la jina na nywila.

Kioo kilifanya kazi. Intaneti ilifanya kazi. Kipanya cha kugusa kilifanya kazi. Picha zilikwenda laini, na baadaye nilisoma kwa nini. Kampuni inayobuni sehemu ya michoro ya chipu hizi, Mali, haikuwa imetoa draiva huria, na watu wa nje waliichunguza sehemu hiyo kwa kuitazama inavyojibu hadi wakaandika ya kwao, inayoitwa Panfrost. Iliingia kwenye kerneli mwaka 2019. Aliyeongoza kazi hiyo, Alyssa Rosenzweig, aliianza akiwa bado shule ya sekondari. Nilipofika hapo nilifunga ukurasa. Kuna habari ambazo hutakiwi kuzisoma ukiwa na umri wa miaka ishirini na sita na sura mbili hazijaandikwa.

Kitu kimoja hakikufanya kazi. Sauti.

Mashine ambayo kazi yake kwangu ni kusikiliza wazee ilikuwa bubu. Mfumo uliiona kadi ya sauti, uliitaja hata kwa jina, lakini haukujua njia ipi ifunguliwe ili mawimbi yafike kwenye spika, na ipi ukichomeka visikilizio. Hiyo nayo inahitaji karatasi yake, faili dogo la kusema fungua hiki, funga kile. Niliongeza na kupunguza vitelezi vyote ovyo hadi niliposoma kwamba kufungua njia bila kujua kunaweza kuharibu spika zenyewe. Nikaacha mara moja. Siku ya pili nilipata faili linalohusu familia ya Gru, nikaliweka panapostahili, nikawasha upya. Nikacheza rekodi ya kwanza iliyokuwa karibu, ya mzee mwingine, wa Pangani, anayekohoa kwanza kabla ya kila jibu. Nikasikia kikohozi.

Nililia kidogo, na sidhani kama ilikuwa furaha. Ilikuwa kikohozi cha mtu mwingine.

Neno tunalotumia kwa programu za namna hii ni *huria*. Tumelizoea katika soko huria na katika Chuo Kikuu Huria, na ni ndugu wa damu wa uhuru, yote mawili yametoka Kiarabu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria. Hakuna aliyelazimika kuombwa ruhusa. Nimewahi kuandika insha ya darasani nikiusifu mradi huo. Niliandika kuhusu uhuru kama kitu unachopewa ukakipokea kwa mikono miwili. Sikujua kuhusu spesi.

Ile skrini ya onyo haiondoki. Kila ukiwasha mashine inakuja, na inamwalika yeyote aliyeketi mbele yake abonyeze spesi ili kurudisha ukaguzi. Akibonyeza spesi, kisha akathibitisha kwa Enter, mashine inarudi kwenye hali ya zamani na kilichohifadhiwa ndani kinafutwa tena. Haiulizi nywila. Haimjui mwenye mashine wala mpwa wake wa miaka saba. Yaani kufuli la zamani lilikuwa linanilinda pia, si kunifunga tu, na nilipoling'oa mlango ukabaki na kitasa ambacho kila mtu anaweza kukizungusha. Nilikata karatasi nikaibandika juu ya kitufe: USIGUSE. Wenzangu wa chumbani walidhani ni mzaha hadi siku nilipomrukia mmoja wao aliyekuwa anataka kuandika barua ya kazi. Aliniambia, "Shoga, hii kompyuta au bomu?"

Tangu hapo kazi zangu zinakaa kwenye kadi, na nakala kwenye flashi, na nakala ya tatu huko juu. Naweza kuichomoa kadi nikalala nayo chini ya mto. Nimewahi kufanya hivyo.

Nilipanda daladala la Bagamoyo kutoka Makumbusho siku ya Jumamosi, kadi ikiwa kwenye pochi. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta Fundi pale pale, kwenye kivuli cha jahazi lililofikia mbao za ubavuni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Umekuja kuchukua chombo?"

Nikamwambia. Kwamba rekodi zote za siku ile zimefutika.

"Nani kafuta?"

"Mimi."

Aliendelea na tezo lake, vipande vyembamba vya mti vikiruka. "Basi afadhali ni wewe," akasema. "Angekuwa mwingine ungekuja na kesi."

Nikamwomba turudie. Hakukataa, lakini hakukaa juu ya gogo kama mara ya kwanza. Alisema siku ile nilikuwa naitazama simu kila mara, naye akanipa majina haraka haraka kama mtu anayehesabu chenji. "Leo shika hapa," akasema, na nikashika ncha ya ubao huku simu ikirekodi mfukoni mwa shati lake. Majina yakaja kwa mpangilio mwingine kabisa. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwuliza kila kipande kinaitwaje, kutoka omo hadi tezi, kama anayesoma ramani. Safari hii yalikuja kadiri kazi ilivyoyahitaji. Alinieleza ngama, pale chini yanapokusanyika maji, kwa kuniinamisha nichungulie, na akaniambia ni wapi ubao mbaya husingiziwa kwa kosa la kalafati. Hayo hayakuwemo katika saa moja na dakika arobaini zilizopotea, maana mara ya kwanza sikumwuliza maji yanakwenda wapi. Jina moja alilonipa siku ile alilikana. "Nilisema hivyo? Hapana. Hilo ni la watu wa mashua."

Habari ya baba yake hakuigusa. Nilingoja. Alipolitaja tezo nilinyamaza makusudi, nikiacha nafasi. Alinoa makali, akanionyesha jinsi ya kushika ili lisikurudie mguuni, akaendelea na jambo lingine. Ningeweza kuuliza, swali nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mtu akishakwambia kitu kama kile mara moja, ukamrudia kumwambia nimekipoteza, nipe kingine, sikuona ningelisemaje. Katika tasnifu habari hiyo haitakuwepo. Maneno sita ya daftari bado yapo.

Jioni nilifungua kompyuta juu ya mbao ili nihamishe rekodi mbele ya macho yake. Akaona karatasi juu ya kitufe akacheka, akaomba asikie. Nikacheza dakika mbili. Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa.

"Mzee kweli huyu," akasema. Kisha akagonga kifuniko kwa kucha, kama anavyogonga mbao. "Na hii ameiunda nani?"

Nikamwambia walioiunda wako mbali, lakini kuna watu wengine waliokaa wakaandika vipande vyake vyote, kila kimoja kimekaa wapi, la sivyo isingejijua. Akataka kuona. Nilikuwa na lile faili la Bob, nikalifungua. Nikamtafsiria nilichoweza: hapa kioo, hapa kifuniko, hapa umeme wa kioo, huyu asubiri mpaka yule apate umeme.

"Wameanza na nini?"

Nikapandisha hadi juu. Baada ya mistari ya hakimiliki na mstari wa kuita orodha ya ukoo, kitu cha kwanza ni jina la mashine.

"Na jina!" akasema, akitikisa kichwa. "Sisi jina ndio la mwisho. Chombo kikishaingia majini."

Akarudi kwenye ubao wake, maana jua lilikuwa linashuka. Nikaandika alichosema kwenye daftari, neno kwa neno, nikanakili rekodi kwenye flashi, nikazihesabu, nikazifungua moja moja kuhakikisha zinacheza, ndipo nikafunga kompyuta nikaenda kutafuta daladala.